Ukoga, Mate na Mswaki: Mazoea ya Kila Siku Yanayolinda Meno

Mtu aliyeshikwa na maumivu ya jino usiku wa manane huwaambia watu wa nyumbani kwake kwamba jino limeliwa na mdudu. Usemi huo ni wa zamani, nao una nusu ya ukweli. Hakuna funza achimbaye jino. Wapo, hata hivyo, viumbe hai wadogo mno wasioonekana kwa macho, yaani bakteria, waishio kwa mamilioni katika kinywa cha kila mtu, mzima kwa mgonjwa. Viumbe hao hawali jino. Hula sukari, na kile wanachokitoa baada ya mlo wao ndicho kiyeyushacho jino. Tofauti hiyo si ya maneno matupu: anayeamini habari ya funza hutafuta dawa ya kumwua, na anayejua habari ya sukari hukitazama upya kikombe chake cha chai.

Sehemu ya nje ya jino ni enameli, kitu kigumu kupita mfupa na kupita kitu kingine chochote mwilini. Juu ya enameli hujengeka ukoga, utando laini ambao mtu huuhisi kwa ulimi aamkapo asubuhi, na humo ndimo bakteria wanamokaa. Sukari ikipenya ndani ya ukoga hugeuzwa kuwa asidi katika dakika chache tu. Maji safi yana kipimo cha pH 7. Kipimo cha ukoga kikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini yake, hasa kalsiamu na fosfeti. Hapo mate huingia kazini. Huipunguza asidi makali na kulirudishia jino sehemu ya madini yaliyopotea, kazi ambayo huchukua kiasi cha nusu saa hadi saa nzima. Jino basi ni kama ghala la nafaka: kila siku hutolewa na kila siku hutiwa. Tundu hutokea pale kutoa kunapozidi kutia kwa miezi na miaka.

Kutokana na maelezo hayo yafuata jambo ambalo wengi hawalitarajii. Idadi ya mara ambazo sukari huingia kinywani yaweza kudhuru kuliko wingi wake kwa mara moja. Mtu anywaye chai ya sukari pamoja na mlo wake, mara tatu kwa siku, huyaweka meno yake katika asidi kwa muda usiozidi saa mbili au tatu. Fundi mwenye birika karibu na meza yake ya kazi, apigaye funda moja sasa na jingine baada ya nusu saa, na kati yake akamumunya peremende, hayapi mate nafasi ya kumaliza kazi hata mara moja tangu asubuhi hadi jioni. Huenda sukari waliyokula watu hao wawili ikawa sawa kwa uzani. Ushahidi mashuhuri wa jambo hili ulipatikana Uswidi, katika hospitali ya Vipeholm, baada ya mwaka 1945, na kuchapishwa mwaka 1954: wagonjwa waliopewa sukari wakati wa mlo meno yao hayakuharibika sana, bali waliopewa tofi za kunata kati ya mlo na mlo yaliharibika vibaya. Elimu hiyo ilinunuliwa kwa bei isiyostahili kusahauliwa, kwani wagonjwa hao walikuwa watu wenye ulemavu wa akili ambao hawakuombwa ridhaa yao.

Soda, juisi za paketi, kashata na ubuyu wa sukari huingia katika hesabu ile ile. Karanga, muhogo wa kuchemsha au tunda zima havina madhara ya namna hiyo vikiliwa kati ya milo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu 10 katika 100 za nguvu zote zitokanazo na chakula, na ikiwezekana isizidi 5.

Ukoga wenyewe huondolewa kwa kusuguliwa. Watu wengi hupiga mswaki asubuhi tu, ili wasitoke nyumbani na harufu ya usingizi. Ni adabu njema, lakini kwa jino wakati ulio bora ni usiku kabla ya kulala. Mtu akilala mate hupungua sana, na mabaki ya chakula cha jioni hubaki kinywani saa nyingi bila mlinzi. Asiyeweza kupiga mswaki ila mara moja kwa siku, na aichague ile ya usiku. Awezaye mara mbili amefanya vema zaidi. Mswaki uwe laini, na usugue polepole kwa muda wa dakika mbili, hasa pale ufizi unapokutana na jino. Mkaa na mchanga hung'arisha kwa kukwangua, na enameli iliyokwanguliwa haioti tena.

Neno mswaki lenyewe ni jina la mti kabla ya kuwa jina la brashi ya plastiki. Mti huo, ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, huota katika sehemu kame za Afrika Mashariki, na vijiti vyake vimetumika tangu kale, Uarabuni na hapa pia. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba una kemikali ya jamii moja na ile iipayo haradali ukali wake, nayo hudhoofisha bakteria. Kwa mtu aujuaye kuutumia, kijiti kilichotafunwa ncha hadi kikawa nyuzi huondoa ukoga karibu sawa na brashi. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake mwaka 1986. Udhaifu wake ni kwamba haufiki kwa urahisi upande wa ndani wa magego, na anayesugua kwa nguvu hujisogeza ufizi. Ncha ikatwe na kutafunwa upya kila baada ya siku moja au mbili.

Dawa ya meno huongeza kitu ambacho kijiti hakina kwa kiasi cha kutosha, nacho ni floraidi. Madini haya huingia katika enameli na kuifanya iwe ngumu kuyeyuka. Ndiyo sababu yafaa kutema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili kiasi kidogo kibaki kinywani. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu atumie dawa kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere, na mtu mzima awe karibu ili mtoto asiimeze.

Onyo hilo la kutomeza lina uzito wa pekee katika Arusha na sehemu za Kilimanjaro. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutia floraidi nyingi katika chemchemi na visima vya huko, mara nyingine mara kadhaa zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anywaye maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika ndani ya taya hutokwa na meno yenye madoa ya kahawia, wala hakuna kusugua kutakakoyaondoa. Si uchafu, na walimu wanaowakaripia watoto hao kwamba hawapigi mswaki huwaonea. Kiasi kikizidi sana hata mifupa huumia, na miguu ya mtoto yaweza kupinda. Kuchemsha maji hakusaidii. Maji hupungua na floraidi hubaki. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni salama zaidi kwa jambo hili, na katika kituo cha Ngurdoto wataalamu wameonyesha jinsi mkaa wa mifupa ya ng'ombe unavyoweza kuichuja floraidi. Magadi yatiwayo katika maharage na makande ili yaive upesi huweza kuwa na floraidi nyingi pia. Mwenye mtoto mdogo katika sehemu hizo afadhali aloweke maharage usiku kucha.

Kuhusu watoto wachanga, yapo mazoea mengine ambayo hayana budi kukomeshwa. Mtoto akiharisha na kupata homa, huenda jirani akamfunua kinywa, akaona uvimbe mweupe ndani ya ufizi, akasema hayo ni "meno ya plastiki" na kwamba yasipotolewa mtoto atakufa. Kinachoonekana pale ni chonge za utotoni ambazo hazijatoka. Kila mtoto anazo. Kuzichokonoa kwa kisu, msumari au spoki ya baiskeli kumewatia watoto damu isiyokatika, pepopunda na sumu katika damu, na wengine wamekufa. Walionusurika wengi wamekosa chonge, au zimeota kombo. Maradhi yaliyomleta mtoto kwa mganga, yaani kuharisha, hubaki bila kutibiwa. Mtoto huyo ahitaji maji ya chumvi na sukari na zahanati, siku hiyo hiyo.

Mtoto afikapo umri wa miaka sita hivi, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya meno yote ya utotoni. Kwa kuwa halikutanguliwa na jino lililong'oka, wazazi hulidhani la utotoni na hawalijali. Likishaoza hakuna jingine litakaloshika nafasi yake.

Watu wazima hupoteza meno kwa ugonjwa wa fizi pia, nao huja bila maumivu. Ufizi utokao damu wakati wa kupiga mswaki unaomba usuguliwe kwa upole na mara kwa mara, wala si kuachwa. Wajawazito hutokwa damu hivyo kwa urahisi zaidi. Si kweli kwamba mtoto tumboni hunyonya kalsiamu ya meno ya mamaye. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe huondolewa na daktari wa meno peke yake. Wenye kisukari na wavuta tumbaku huathirika zaidi. Wazee hukaukiwa mate, pengine kwa ajili ya dawa wanazotumia, na mizizi ya meno yao iliyo wazi huoza upesi. Wenye meno bandia na wayavue usiku na kuyasugua.

Limebaki jambo la haraka. Jino la ukubwani likiruka uwanjani mpira ukichezwa, lishikwe upande wa kutafunia, si mzizi. Likiwa chafu, lisuuzwe kwa sekunde chache bila kusuguliwa, lirudishwe mahali pake, na mchezaji aume kitambaa. Ikishindikana, litiwe ndani ya maziwa na kupelekwa naye kwa daktari wa meno, ikiwezekana katika nusu saa ya kwanza.