Kabla ya Kuipeleka Mikono India

Mchuma chai wa Nyamira hula jasho la kidole gumba na cha shahada. Majani mawili na chipukizi hubanwa, hukatwa, hutupwa kikapuni nyuma ya bega, na mkono hurudi kichakani kabla jani halijatua. Wataalamu wa mikono waliwahi kupima mzigo huo: ukibana kitu kwa ncha ya vidole kwa nguvu ya kilo moja, kifundo kilicho chini kabisa ya gumba, pale linapoungana na kifundo cha mkono, hubeba takribani kilo 12. Basi mama aliyechumia kiwanda cha Kebirigo au Sanganyi tangu usichana wake, akifika miaka 60 na kushindwa kufungua kifuniko cha chupa, hakuna haja ya kumtafutia mchawi. Ndivyo ilivyo pia kwa wachongaji wa mawe wa Tabaka, kusini mwa Kisii, ambao mchana kutwa ni panga, kisu, kisha msasa na maji.

Maumivu yakikomaa, familia huanza kuitaja India. Kundi la WhatsApp hufunguliwa, namba ya M-Pesa hutumwa, na harambee hupangwa baada ya ibada.

Imani hiyo haikuzuka hewani. Mnamo Februari 2022, Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alisimulia redioni jinsi Rosemary, binti wa Raila Odinga, alivyorudishiwa uwezo wa kuona baada ya kutibiwa Kerala. Kisa hicho kilienea Kenya nzima. Ila macho ya mtu mmoja hayasemi lolote kuhusu vidole vya mwingine, na hapo ndipo nauli nyingi huteketea. 

Kwa Wagusii wengi, watu wa Kisii na Nyamira, hata hivyo, ng'ambo si India. Ng'ambo ni Minnesota, Marekani, ambako watoto wao wengi wanaishi na kufanya kazi za uuguzi na kutunza wazee. Mama hualikwa kuwaona wajukuu, na vidole vyake vilivyopinda huwa sehemu ya sababu ya safari. Jimbo hilo lina hadithi yake katika ugonjwa huu. Mnamo Septemba 1948, katika Mayo Clinic mjini Rochester, Daktari Philip Hench na wenzake walimdunga mwanamke wa miaka 29 dawa mpya iliyokuja kuitwa kotisoni. Baridi yabisi ilikuwa imemfunga kitandani; kugeuka tu kulimshinda. Siku chache baadaye alikuwa anatembea, na takribani juma moja baada ya sindano ya kwanza alikwenda madukani. Mwaka 1950, Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel.

Kilichofuata hakikupigiwa makofi. Dawa ikikatishwa, ugonjwa ulirudi. Ikiendelea kwa wingi, uso ulivimba na kuwa mviringo, sukari na shinikizo la damu vilipanda, mifupa ikadhoofika. Hata hivyo ndugu za dawa hiyo, prednisoloni na deksamethasoni, zimefika kila mahali. Ndizo mara nyingi zilizomo katika ile sindano ya duka la dawa ambayo mgonjwa huisifu kwamba "ilinifungua vidole siku mbili." Hadanganyi. Vidole vilifunguka kweli. Daktari anaweza kuitumia kwa muda mfupi na kwa kipimo, lakini anayeifuata kila mwezi kichochoroni analipia muujiza wa 1948 bila onyo lililokuja nyuma yake.

Maana jambo la kwanza ambalo mkono unahitaji ni kujulikana unaumwa nini. Kulika kwa viungo kunakoandamana na umri huacha vinundu vigumu karibu na kucha na maumivu chini ya gumba. Baridi yabisi ya kinga ya mwili kujishambulia ni nyingine kabisa. Hiyo hupendelea vifundo vya katikati na vya mwanzo wa vidole, hushika mikono yote miwili, huvimba na kuwa laini, na asubuhi mkono hukaa mgumu kwa saa nzima au zaidi. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na wengi bado wakiwa na nguvu za shamba. Jongo nalo huja kwa ghafla, usiku, mara nyingi likianzia dole gumba la mguu, ingawa mikono nayo hulipata. Magonjwa matatu, dawa tatu tofauti, na yote huko vijijini husingiziwa baridi ya milima.

Kuyatenganisha hakuhitaji ndege. Picha ya eksirei, vipimo vya damu na daktari anayejua kubonyeza kifundo vinaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii, ambayo ilianza mwaka 1916 kwa kuwauguza askari wa Uingereza. Tatizo la kweli ni kwamba mabingwa wa magonjwa ya viungo nchini ni wachache na wengi wako Nairobi. Kilio hicho ndicho kilichozaa mradi wa UWEZO, uliowakutanisha Wakenya na wenzao wa ng'ambo kuwafundisha wahudumu wa afya wa ngazi ya chini kuitambua mapema mifupa na viungo vinavyougua.

Ikithibitika ni baridi yabisi ya kinga, dawa ya kwanza ni ya bei ndogo: methotrekseti, ambayo hunywewa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kumewahi kuua watu. Huendana na vidonge vya asidi ya foliki na kupimwa damu na ini mara kwa mara, kwa miaka. Huo ndio moyo wa matibabu, na hauwezi kufungwa sandukuni ukaletwa kutoka India.

India ina lake, tusiinyime haki. Mnamo Desemba 2014 kampuni ya Zydus ilitoa nakala ya kwanza duniani ya adalimumabu, sindano ya kibayolojia, kwa bei ya chini sana kuliko ile ya asili. Humfaa mgonjwa ambaye vidonge vimemshinda, ila ni lazima kwanza achunguzwe kifua kikuu kilichojificha, maana dawa hiyo hukiamsha. Upasuaji wa mikono nao upo: tangu Mwingereza W. H. Gervis aandike mwaka 1949 juu ya kukiondoa kijifupa kinachosaga chini ya gumba, kazi hiyo imetuliza maumivu ya wengi. Lakini viza ya matibabu ya India ya mtandaoni hutolewa kwa siku 60, na nguvu ya gumba lililopasuliwa huweza kuchukua miezi sita kurejea. Mazoezi ya vidole yatafanyikia nyumbani, Keroka au Nyansiongo, au hayatafanyika. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima wa NHIF Oktoba 2024, haitaruka na mgonjwa hivi hivi. Tiba ya nje ya nchi huhitaji idhini ya mapema na kuthibitika kwamba haipatikani nchini.

Kwa hiyo, ninyi mlioko Minneapolis na Brooklyn Park mnaochangia tiketi ya mama: tumeni kwanza pesa za eksirei, za vipimo vya damu na za basi la kwenda kumwona bingwa Nairobi. Akisema upasuaji unahitajika, mwulizeni nani atamfanyisha mama mazoezi akirudi kutoka ng'ambo, na kama dawa zitakazoandikwa huko zinauzwa Kisii au hazipo. Majibu yakipatikana, fungueni harambee.