Fiziotherapia ya goti

Fiziotherapia ya goti (huitwa pia mazoezi tiba ya goti) ni sehemu ya fiziotherapia inayohusika na kuzuia na kutibu matatizo ya goti kwa kutumia mazoezi, mafunzo ya mwendo na mikao, tiba ya mikono na vifaa saidizi. Huwahusu wazee wenye maumivu ya muda mrefu, wanamichezo walioumia, watu waliofanyiwa upasuaji na wale ambao kazi zao huyaelemea magoti, wakiwemo wakulima na wabeba mizigo.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani waliishi na osteoathraitisi, yaani ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo. Goti ndilo linaloathirika zaidi: takriban milioni 365 kati yao walikuwa na tatizo hilo gotini. Wengi wa wagonjwa ni wanawake na watu waliozidi umri wa miaka 55.

Muundo wa goti

Goti ni maungio ya fupa la paja na fupa la muundi, na mbele yake kuna kilegesambwa. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, tishu laini na imara inayopunguza msuguano. Kano huishikilia mifupa pamoja, nayo misuli ya mapaja, makalio na shavu la mguu huliendesha goti na kupokea sehemu ya uzito kila mtu anapokanyaga. Misuli hiyo ikidhoofika, mzigo mkubwa zaidi huangukia kwenye maungio yenyewe.

Dhana ya kuisha kwa ute

Watu wengi Tanzania huyaeleza maumivu ya goti kwa kusema kwamba "goti limesagika" au "ute umekwisha", na hivyo huacha kutembea ili kulitunza. Kwa kweli utando unaozunguka maungio huendelea kutengeneza ute, na goti lenye osteoathraitisi mara nyingi huvimba kwa sababu ute umezidi. Zaidi ya hayo, gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka kwenye ute huo, linapobanwa na kuachiwa wakati wa mwendo. Kupumzika kwa muda mrefu hudhoofisha misuli, hukakamaza goti na huongeza maumivu.

Matibabu

Mtaalamu huanza kwa kuuliza historia ya maumivu, kisha hupima nguvu ya misuli, mkunjo wa goti na namna mgonjwa anavyotembea. Picha ya eksirei haihitajiki kwa kila mgonjwa.

Kwa osteoathraitisi, mazoezi, elimu na kupunguza uzito uliozidi ndiyo msingi wa tiba. Dawa za maumivu husaidia tu ili mgonjwa aweze kujongea. Mazoezi yanayotumika mara nyingi ni haya:

1. Kukaza paja: mgonjwa hunyoosha mguu, huweka taulo au kitenge kilichoviringishwa chini ya goti, kisha hulikandamiza kwa sekunde 5. Hurudia mara 10.
2. Kunyanyua mguu: akiwa amelala chali na mguu mmoja umekunjwa, huinua ule ulionyooka hadi kimo cha goti lililokunjwa, kisha huushusha polepole.
3. Kukaa na kusimama: huinuka kutoka kwenye kiti bila kutumia mikono, kisha huketi taratibu.
4. Kupanda na kushuka kidaraja kifupi, akishika ukuta ikibidi.

Maumivu madogo wakati wa mazoezi si hatari iwapo yanarudi katika hali ya awali kufikia siku inayofuata. Yasipotulia, idadi au uzito wa mazoezi hupunguzwa. Nafuu huonekana baada ya wiki kadhaa, kwa kawaida kati ya 6 na 12, na hudumu kwa anayeendelea.

Fimbo ya kutembelea hushikwa kwa mkono wa upande usiouma. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na wenye maumivu hutangulia kushuka.

Baada ya kuumia, siku za mwanzo goti hufungwa bendeji, huinuliwa na kuwekewa kitambaa chenye barafu au maji baridi. Kuchua kwa nguvu na kukanda kwa maji ya moto huweza kuongeza uvimbe. Aliyetengenezewa kwa upasuaji kano ya msalaba ya mbele kwa kawaida huhitaji takriban miezi 9 au zaidi ya mazoezi kabla ya kurudi uwanjani.

Kinga

Kwa mtu mnene, kila kilo 1 inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua. Kupiga magoti au kuchuchumaa kwa muda mrefu, pamoja na kuinua mizigo mizito, huongeza uwezekano wa osteoathraitisi. Mkulima anaweza kupunguza hatari kwa kubadilisha mkao mara kwa mara, kupalilia kwa jembe lenye mpini mrefu na kugawa mzigo katika safari mbili. Kwa wachezaji wa soka, programu ya FIFA 11+ ya dakika 20 za kupasha mwili imeonekana kupunguza majeraha.

Upatikanaji Tanzania

Wataalamu wa fiziotherapia hufundishwa KCMC mjini Moshi, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa mwaka 1996, hutoa upasuaji na mazoezi tiba Dar es Salaam. Huduma za kibingwa ziko zaidi mijini. Kwa mkazi wa Chitete katika Wilaya ya Momba, mkoani Songwe, ambako wengi hutegemea kilimo, hospitali ya rufaa ya ngazi ya kanda ni ile ya Mbeya. Nauli na siku za kazi zinazopotea hufanya kuhudhuria kila wiki kuwe kugumu. Kwa sababu hiyo mazoezi yasiyohitaji mashine, yanayofundishwa mara moja na kufuatiliwa katika kituo cha afya cha karibu, yana umuhimu wa pekee.

Dalili za hatari

Mazoezi hayapaswi kuanza kabla ya uchunguzi wa daktari iwapo:

- goti limevimba na kuwa la moto pamoja na homa, hasa kwa mtoto, kwani usaha ndani ya maungio huweza kuliharibu kwa siku chache;
- mgonjwa hawezi kukanyaga baada ya kuanguka au ajali;
- goti limekwama na halinyooki;
- shavu la mguu limevimba na kuuma, jambo linaloweza kuashiria damu iliyoganda;
- maumivu hayatulii usiku na mgonjwa anapungua uzito bila sababu.