Mwili Unavyoyafunza Macho Kutazama

Msafara wa ngoma ya mdundiko ukipita Pangani, pale Kibaha, watu wawili waliosimama kibaraza kimoja huenda wasione kitu kilekile. Mgeni ataona watu wanaotembea huku wakikata viuno. Mzaramo aliyeucheza tangu utotoni, awe wa hapo au wa Kisarawe, ataona uzito umehamia mguu upi na nani kachelewa nusu pigo. Kasoro haiko machoni mwa mgeni. Tofauti iko katika miili yao.

Ubongo una ramani ya mwili: unajua viungo viko wapi, vinapinda hadi wapi, vinaweza nini. Tunaitumia kutembea na kushika, na tunaitumia pia kutazama wenzetu wakijongea.

Ushahidi ulionishika zaidi ni wa mwaka 2005. Marina Funk, Maggie Shiffrar na Peter Brugger waliwapima watu wawili waliozaliwa bila mikono. Waliwaonyesha picha mbili za mkono zikipokezana, hata ukadhani mkono unageuka. Picha zikipokezana polepole, mtu mwenye mikono huuona ukipita njia ndefu, ile ambayo kifundo kinaiweza. Mmoja wa wale wawili, ambaye huhisi mikono asiyokuwa nayo, aliona hivyohivyo. Mwenzake, asiyehisi mikono yoyote, aliuona ukikata njia fupi, ambayo kifundo cha binadamu hakiwezi kabisa. Basi kilichoongoza macho ni mkono ulio katika ubongo, hata kama wa nyama haujawahi kuwapo.

Ramani hiyo hufunzika. Antonino Casile na Martin Giese, mwaka 2006, waliwafundisha watu mwendo mgeni wa mikono wakiwa wamefungwa vitambaa machoni. Baadaye waliutambua vizuri zaidi walipoutazama, ingawa walijifunza bila kuuona.

Utasema Mzaramo ameuona mdundiko mara nyingi tu. Mwaka 2006 pia, Beatriz Calvo-Merino na wenzake waliwapima wacheza baleti, wanaume na wanawake. Hao hufanya mazoezi pamoja, lakini baadhi ya miondoko ni ya jinsia moja tu. Sehemu za ubongo zinazoendesha mwendo zilichangamka zaidi mchezaji alipotazama miondoko anayoicheza mwenyewe kuliko ile aliyozoea kuiona kwa wenzake.

Ndiyo maana siridhiki na mafunzo ya ngoma yanayowaketisha watoto mbele ya runinga. Wasimamishwe kwanza, wajaribu hatua hata kwa kukosea, video ifuate.