Kwa Nini Wanawake Humpenda Shujaa Mwenye Kununa

Liko swali ambalo wanaume hupenda kuulizana kwa kicheko, nasi twaona lafaa kujibiwa bila kicheko. Kwa nini wanawake wengi, wasomapo hadithi, mioyo yao huvutwa na mwanamume mwenye uso wa kununa, mchache wa maneno, mwenye siri na ghadhabu kifuani, hali katika kitabu kicho hicho yumo mwanamume mpole wala hatazamwi? Wenye kuuliza huwa wamekwisha kujijibu: ati mwanamke hajui lililo jema kwake, ati apenda kuteswa. Sisi hatulikubali jibu hilo. Ni jibu la uvivu, na alitoaye hajavisoma vitabu vyenyewe.

Mtu huyu wa hadithini alipata sifa kubwa Uingereza kwa kalamu ya Lord Byron, mshairi aliyevuma mwaka 1812. Mashujaa wake walikuwa watu wa huzuni na dhambi isiyotajwa. Utenzi wake juu ya haramia wa baharini uliuzwa nakala 10,000 siku ya kwanza ulipotoka, mwaka 1814. Mwaka uliofuata Byron alioa binti mmoja msomi, Annabella Milbanke, aliyetumaini kwamba wema wake ungemtengeneza mumewe. Kabla ndoa haijatimiza miezi kumi na mitatu, bibi huyo alirudi kwa wazazi wake na mtoto mchanga mkononi. Hapo pana fundisho la kwanza: yapendezayo kitabuni si lazima yapendeze nyumbani.

Lakini walioandika habari za shujaa huyu kwa nguvu kupita wote walikuwa wanawake. Katika kijiji cha Haworth, kaskazini mwa Uingereza, waliishi binti watatu wa kasisi: Charlotte, Emily na Anne Brontë. Hawakuwa na mali. Kazi waliyoweza kuipata ilikuwa kufundisha watoto, mashuleni au majumbani mwa matajiri. Mwaka 1841 Charlotte aliajiriwa kwa pauni 20 kwa mwaka, na ikikatwa gharama ya kufuliwa nguo hazikubaki ila pauni 16 hivi. Walipochapisha vitabu walijificha nyuma ya majina yasiyoonyesha kwamba wao ni wanawake.

Yatupasa pia kuijua sheria ya siku zile. Mwanamke wa Kiingereza akiolewa, fedha zake na ujira wake vilikuwa vya mumewe. Hata mwaka 1870 ndipo sheria ilipompa haki ya kushika mshahara wake mwenyewe, na mwaka 1882 haki ya kushika mali yake yote. Kabla ya hapo mkate wake, paa lake na hata watoto wake vilitegemea moyo wa mtu mmoja. Mtu wa hali hiyo hana budi kuusoma uso wa bwana wa nyumba kama nahodha asomavyo mawingu. Amenuna kwa nini? Je, ndani ya ukimya huu mna wema au mna hatari? Hilo halikuwa swali la mapenzi tu, lilikuwa swali la kuishi.

Basi tazameni kitabu cha Charlotte, Jane Eyre, kilichotoka mwaka 1847. Jane ni mwalimu wa nyumbani kwa pauni 30 kwa mwaka. Bwana wake, Rochester, ni mtu mkali wa maneno na mwenye siri. Watu wengi hukumbuka mapenzi yao, lakini wachache hukumbuka hesabu yao. Siku moja Jane aomba ruhusa ya safari. Bwana ampa noti ya pauni 50. Jane aikataa, kwani haki yake ni 15 tu. Mwishowe bwana ampa 10, naye abaki akidaiwa 5. Kila mfanyakazi aliyewahi kusimama mbele ya tajiri wake ajua uzito wa jambo hilo. Huyu mwanamke hataki zawadi, ataka haki yake.

Na siri ya bwana huyu ni nini? Ni mke aliyefungiwa orofa ya juu, mwanamke kutoka Jamaika, nchi ya mashamba ya watumwa, aliyeolewa pamoja na pauni 30,000. Fedha zimekuwa za mume, na mwenyewe mke yuko nyuma ya mlango wenye kufuli. Ilimpasa Jean Rhys, mwanamke mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, kuandika kitabu mwaka 1966 ili mke huyo naye apate kusimulia yake.

Jane alipoijua siri hiyo aliondoka usiku na shilingi 20, akalala nje, akaomba chakula. Hakurudi mpaka aliporithi pauni 20,000, akazigawa sawasawa na binamu zake watatu, akabaki na 5,000. Miongoni mwa maneno yake ya kwanza kwa Rochester, ambaye sasa ni kipofu, ni kwamba ana fedha zake na hatawaliwi na mtu. Hayo si masimulizi ya mwanamke apendaye kuteswa. Ni masimulizi ya mwanamke aliyempenda mtu lakini akakataa kumwendea mikono mitupu.

Emily na Anne walionya kwa ukali zaidi. Katika kitabu cha Emily, Wuthering Heights, msichana Isabella amdhania Heathcliff kuwa shujaa wa hadithi. Heathcliff mwenyewe amcheka kwa dhana hiyo, na ndoa yao ni mateso mpaka bibi atoroka. Naye Anne, mwaka 1848, aliandika habari za Helen aliyeolewa na mlevi kwa nia ya kumwongoa. Hakuongoka. Alimfundisha mwanawe mdogo kunywa mvinyo. Helen alitoroka na mtoto, akaishi kwa kuuza picha alizochora.

Kwa hiyo ladha ya hadithi hizi ni ipi? Sisi twaona ni hii: ndani ya kitabu, mwanamume aliyefunga mdomo hulazimika kuufungua. Bwana asiyewajibika kwa yeyote hutoa hesabu ya moyo wake mbele ya mwanamke ambaye kwa sheria hakuweza kumdai lolote. Msomaji hafurahii kule kununa. Afurahia saa ile kununa kunaposhindwa. Mwaka 1984 mtaalamu wa Kimarekani, Janice Radway, alitoa kitabu baada ya kuwahoji akina mama wasomao hadithi za mapenzi. Walimweleza kwamba saa ya kusoma ndiyo saa yao wenyewe, mbali na kazi ya kuwatunza wengine. Na kwamba hawakupenda mashujaa wakatili, bali walitaka mwanamume mwenye nguvu ajuaye pia kumtunza mwanamke.

Hatusemi kwamba vitabu vyote vya namna hii ni vyema. Wako waandishi wachukuao kununa kwa Rochester wakaiacha hesabu ya Jane, na msichana asomaye hivyo tu aweza kuidhania hasira kuwa dalili ya pendo. Lakini dawa yake si kumnyang'anya kitabu wala kumcheka. Dawa ni awe na ujira wake, na sheria imlindayo, ili siku akutanapo na mtu aliyenuna aweze kumtazama usoni na kuchagua.

Nasi wanaume tusione kwamba swali hili ni la wanawake peke yao. Mwanamke apataye saa ya kupumzika, na kuzungumzwa kwa wema, kitabuni tu, atuambia jambo juu ya nyumba zetu. Tumeombwa hesabu, yafaa tuitoe.