Ngazi ya Kandanda ya Kenya na Haki ya Kupanda Daraja



Msimu wa 2024/2025 timu ya Kenya Police ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mwaka huohuo wa 2025, timu nyingine ya askari polisi wa nchi hiyo, APS Bomet, ilipata nafasi ya kuingia katika Ligi Kuu. Ni habari za kumfurahisha kila askari mpenda michezo. Hata hivyo, njia zilizopitiwa na timu hizi mbili hazikufanana. Moja ilipanda ngazi ikapewa nafasi yake. Nyingine ilipanda, ikafika juu, kisha ikateremshwa bila ya kushindwa uwanjani. Tofauti hiyo ndiyo tunayokusudia kuieleza katika mazungumzo yetu ya leo, kwa sababu inatufundisha maana halisi ya kupanga upya madaraja ya kandanda.

Kwanza tuifahamu ngazi yenyewe. Kandanda ya Kenya imepangwa mfano wa nyumba ya ghorofa. Juu kabisa ipo Ligi Kuu. Chini yake ipo ligi ya pili kwa ukubwa, ambayo Wakenya huiita Super League, halafu Daraja la Kwanza, Daraja la Pili, ligi za mikoa, na mwisho ligi za kaunti na za maeneo madogo zaidi ndani ya kaunti. Timu ya vijana wa kijijini ikishinda mwaka hadi mwaka, yaweza kupanda kutoka ghorofa ya chini hadi ya juu. Kadhalika timu kubwa ikizembea, yashuka. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakoitia ligi uhai, maana timu iliyo mkiani nayo ina jambo la kupigania mpaka mechi ya mwisho.

Msikilizaji aweza kuuliza: kwa nini ligi za chini zigawanywe katika kanda, ilhali Ligi Kuu ni moja kwa nchi nzima? Jawabu lake ni umbali na fedha. Kutoka Mombasa hadi Kisumu kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800. Timu ya daraja la chini, ambayo wachezaji wake ni mafundi, wachuuzi na wanafunzi, haiwezi kusafiri mwendo huo kila baada ya majuma mawili. Ndiyo maana Daraja la Kwanza nchini Kenya limegawanywa katika kanda mbili, na hata Super League iliwahi kuchezwa kwa kanda mbili kabla ya kuunganishwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Timu 20 zikicheza katika kundi moja, nyumbani na ugenini, kila timu hucheza mechi 38. Timu hizohizo zikigawanywa katika makundi mawili ya timu 10, kila timu hucheza mechi 18 tu, tena karibu na kwao. Gharama hupungua zaidi ya nusu. Lakini kanda nazo zina kasoro yake. Kanda moja yaweza kuwa na timu ngumu nyingi kuliko ya pili, na bingwa wa kanda nyepesi akapanda akiwa dhaifu kuliko mshindi wa tatu wa kanda ngumu. Hivyo basi hakuna mpango usio na dosari. Kila mpango ni mapatano kati ya haki ya mchezo na uwezo wa mfuko.

Tuje sasa kwenye ghorofa ya juu, kwani huko ndiko ulikozuka ugomvi mkubwa. Kwa miaka mingi wakuu wa kandanda wa Kenya walibishana juu ya idadi ya timu za Ligi Kuu. Kampuni iliyokuwa ikiiendesha ligi hiyo ilishikilia timu 16. Shirikisho la Kandanda la Kenya lilitaka ziwe 18. Ligi ya timu 16 ina mechi 240 kwa msimu. Ya timu 18 ina mechi 306. Nyongeza hiyo ya mechi 66 ni nafasi kwa vijana wengi zaidi, lakini pia ni safari zaidi, waamuzi zaidi, askari wa kulinda viwanja zaidi, na mfuko uleule kugawanywa kwa watu wengi zaidi. Kila upande ulikuwa na hoja yenye uzito.

Lakini wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwanzoni mwa mwaka 2015 Kenya ilijikuta ina ligi kuu mbili zilizoanza kwa pamoja, moja ya timu 16 na nyingine ya timu 18. Ilibidi Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, liingilie kati, na ligi ya timu 16 ndiyo iliyoendelea kutambuliwa. Mwaka 2017 suala likarudi, na mara hii ligi ikaongezwa kuwa ya timu 18. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo kampuni ya televisheni ya SuperSport, iliyokuwa ikiilipa ligi ili ionyeshe mechi zake, ikajitoa, na nyongeza hiyo ya timu ikiwa miongoni mwa sababu. Timu zikawa nyingi na fedha zikawa chache.

Ndipo tunaporudi kwa askari wetu wa APS Bomet. Mwezi wa Novemba 2021, serikali ya Kenya ililivunja Shirikisho la Kandanda la nchi hiyo na kuweka kamati ya muda. Mwezi wa Februari 2022, FIFA ikaifungia Kenya, na adhabu hiyo haikuondolewa mpaka Novemba mwaka huo. Katikati ya mtafaruku huo mpira ulichezwa, jasho lilitoka, na msimu wa 2021/2022 ukakamilika. APS Bomet na Fortune Sacco zilistahili kupanda kutoka Super League. Mathare United na Vihiga Bullets zilikuwa zimeshuka. Uongozi wa shirikisho uliporejea ofisini, uliyabatilisha matokeo ya msimu mzima. Waliopanda wakarudishwa chini, na walioshuka wakarudishwa juu.

Hebu fikiri, ndugu askari. Umepewa amri ya kuuteka mlima. Umeuteka. Kisha unaambiwa kwamba aliyetoa amri hakuwa na mamlaka, kwa hiyo teremka. APS Bomet iliteremka, ikaanza upya, na ikangoja hadi mwaka 2025. Kenya Police, iliyokuwa imepanda mwaka 2021 kabla ya dhoruba hiyo, ilibaki juu, ikajijenga, na ndani ya miaka minne ikawa bingwa.

Itasemwa labda kwamba timu za majeshi haziwezi kulalamika, kwa kuwa mchezaji wake ana mshahara na timu ina gari. Ni kweli kwamba zina nafuu. Ulinzi Stars, timu ya jeshi la Kenya, ilitwaa ubingwa mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010, na bila shaka uthabiti wa malezi yake ulichangia. Lakini ikiwa timu yenye mshahara na gari inaumizwa hivyo na ngazi isiyo thabiti, basi klabu ya kijijini iliyochangiwa nauli na wanakijiji inavunjika kabisa. Haina miaka mitatu ya kungoja.

Hapa kwetu Tanzania nasi tumepita katika mabadiliko ya namna hii. Ligi Kuu yetu ilikuwa na timu 20 katika misimu ya 2018/2019 na 2019/2020. Ikapunguzwa kuwa 18 msimu wa 2020/2021, kisha 16 msimu wa 2021/2022. Ligi iliyo chini yake, ambayo ilikuwa ikichezwa kwa makundi, nayo ikawa ligi moja ya timu 16. Kupunguza kulikuwa kuchungu kwa walioshuka. Lakini kulifanyika kwa hatua, chini ya mamlaka moja, na walioshuka walishushwa na matokeo yao ya uwanjani.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, funzo la jirani zetu si kwamba timu 18 ni mbaya au 16 ni nzuri. Nchi yaweza kuchagua yoyote kati ya hizo kwa kadiri ya mfuko wake. Yaweza kugawa kanda mbili, tatu au nane. Lakini yapo mambo matatu yasiyofaa kuchezewa. Mwenye mamlaka ya kupanga awe mmoja, anayejulikana. Mpango utangazwe kabla ya kipenga cha kwanza cha msimu, wala usibadilishwe njiani. Na kilichopatikana uwanjani kwa haki kisinyang'anywe mezani.

Askari anajua zaidi ya raia wengi kwamba nidhamu haimhusu anayetii peke yake. Inamhusu pia anayetoa amri. Mchezaji akitakiwa aheshimu kipenga cha mwamuzi, basi viongozi wa mchezo nao hawana budi kuiheshimu ngazi waliyoijenga wenyewe.