MARATONI: NENO HILI MAANA YAKE NINI?



Trimestri iliyopita karatasi ilibandikwa ku ubao: "Jumamosi, maratoni ya wanafunzi wote." Tulikimbia toka shule mpaka ku daraja na kurudi, pengine kilometa 6. Usiku mabishano yakaanza ku vyumba vya kulala. Wamoja walisema: "Leo tumefanya maratoni." Wengine walijibu: "Ile haiko maratoni, ile njo mbio tu." Mwingine akauliza: "Na ultra-maratoni njo nini?" Basi tuliombwa sisi wa gazeti kutafuta. Haya njo tuliyoyapata, na mwishoni tuko na neno moja juu ya ile mbio yetu wenyewe.

1. Neno lilitoka wapi?

Waingereza wanaandika "marathon", na Wafaransa vile vile. Lakini mwanzo wa neno si Kiingereza. Marathon ni jina la mahali katika inchi ya Ugiriki, sawa vile sisi tunavyosema Nyabiondo ao Walikale. Mwaka 490 mbele ya Kristo watu wa Athene walipigana pale na jeshi la Waajemi, wakalishinda. Watu wanasimuliaka kwamba mjumbe mmoja alikimbia toka Marathon mpaka Athene, akatangaza ushindi, akaanguka, akafa. Hadithi hii inapendeza, lakini waliiandika watu waliokuja miaka mamia nyuma ya vita. Herodotus, aliyeishi karibu zaidi na mambo yale, anasimulia safari ingine: mjumbe Pheidippides alitumwa toka Athene mpaka Sparta kuomba msaada. Njia ile ni karibu kilometa 240!

2. Kipimo chake

Mwaka 1896 michezo ya Olimpiki ya nyakati zetu ilianzishwa Athene. Mfaransa mmoja, Michel Bréal, alitoa shauri kuwe mbio ya kukumbuka ile hadithi. Ilikuwa karibu kilometa 40, na mshindi alikuwa Mgiriki Spyridon Louis, mtu wa kazi ya kubeba maji. Mwaka 1908, kule London, walianzia ku ngome ya Windsor na kumalizia mbele ya viti vya jamaa ya mfalme. Njia ile ilikuwa kilometa 42 na mita 195. Mwaka 1921 wakubwa wa michezo ya riadha walikata neno kwamba kipimo kile njo kitakuwa cha dunia yote.

Basi tupige hesabu. Ku kiwanja chenye mzunguko wa mita 400, maratoni ni mizunguko 105 na karibu nusu. Ao tena: toka Sake mpaka Goma ni karibu kilometa 27. Ukifika Goma, geuka, rudi njia ya Sake kupita nusu kidogo. Pale njo umemaliza maratoni moja.

3. Namna ya kulitumia

a) Maratoni ni mbio ya kilometa 42 na mita 195, si mbio yoyote ndefu.

b) Nusu-maratoni ni kilometa 21 na mita 97 na nusu.

c) Ultra ni neno la Kilatini, maana yake "kupita" ao "ng'ambo ya". Kwa hiyo ultra-maratoni ni mbio yoyote inayopita kilometa 42 na mita 195. Haina kipimo kimoja. Ile ya Afrika ya Kusini inayoitwa Comrades, iliyoanza mwaka 1921, ni karibu kilometa 90. Na ile safari ya Pheidippides ingekuwa ultra-maratoni, si maratoni!

d) Watu wanatumia neno hili kwa mfano pia. Mkutano wa toka asubuhi mpaka usiku wanauita maratoni. Si kosa, lakini ni mfano tu. Katika mtihani usiandike hivyo kama mwalimu ameuliza maana yenyewe.

Tena, kipimo peke yake hakitoshi, sheria pia ziko. Mwaka 2019 Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia kilometa zile zote kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Lakini haikuandikwa kuwa rekodi, juu wasaidizi walibadilishana mbele yake njiani. Kelvin Kiptum, Mkenya vile vile, mwaka 2023 kule Chicago alikimbia saa 2 na sekunde 35, na ile ilikubaliwa.

4. Na wapagazi wa Bisie?

Mwanafunzi mmoja wa Walikale alituuliza swali gumu. Toka mwaka 2002 watu walianza kuchimba kasiterite ku mlima wa Bisie. Miaka ile barabara haikuwako. Wapagazi walibeba mizigo ya karibu kilo 50 ku mgongo, wakipita msituni kilometa zaidi ya 40 mpaka Njingala. Je, ile haikuwa maratoni?

Tulibishana sana juu ya hili. Kwa urefu wa njia, ilikaribia kabisa. Kwa nguvu, ilipita. Lakini tunaona heri tusiiite maratoni. Mkimbiaji anachagua mwenyewe kukimbia, na akichoka anaweza kuacha, watu watampa maji. Mpagazi anasukumwa na njaa ya nyumba yake, na akitupa mzigo amepoteza chakula cha watoto. Tukiita kazi ile mchezo, tunaficha uchungu wake.

5. Kumaliza

Mwaka 1968, kule Mexico, wakimbiaji 75 walianza maratoni. John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka njiani, akaumia goti vibaya. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alifika. Saa moja na zaidi ikapita, giza likaingia, watu wengi wakatoka kiwanjani. Ndipo Akhwari akaingia akichechemea, goti limefungwa kitambaa, akawa wa 57 na wa mwisho. Watu 18 walikuwa wameacha. Walipomuuliza juu ya nini hakuacha, alijibu kwamba inchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuimaliza.

Sasa turudi kwetu. Siku ya mbio yetu, mtoto wa mwaka wa kwanza alifika wa mwisho, mguu unamuuma. Kamba ya mwisho ilikuwa imekwisha kukunjwa. Alikuta mbuzi tu ku kiwanja. Sisi tunaoandika haya tulikuwa tumekwenda kula, na tunaona haya.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kwa kamati ya michezo. La kwanza: mara ingine ubao uandike "mbio ya kilometa 6", juu njo kweli. La pili, na hili njo kubwa: kamba isikunjwe mbele ya mtu wa mwisho kufika. Sisi wa gazeti tutaishika.