Ba franc-maçon wanaapa juu ya kitabu gani?

Hapa Munigi, mtu akipandisha nyumba ya etaje haraka haraka juu ya mawe ya volkano, maneno yanaanza: "Ule aliingia mu loje." Na wanaongeza kwamba kule ndani wanaapa juu ya Biblia ya shetani. Maneno kama hayo yanaweza kumutoa mtu kwenye kwaya, kumuvunjia biashara, hata kumuletea mawe juu ya mabati. Tuangalie basi kitabu chenyewe.

Biblia ya shetani ipo kweli. Iliandikwa na Mmarekani Anton LaVey, ikatoka mwaka 1969. Wakati ule ba franc-maçon walikuwa wa zamani sana: katiba yao ilichapishwa London mwaka 1723. Ni vitu viwili tofauti.

Kwenye meza ya loje nyingi kunakuwa Biblia, ile ile tunayosoma kanisani. Inafunguliwa mkutano ukianza, na juu yake wanaweka ekere na kompa, vyombo vya fundi mjenzi. Anayeingia anaweka mkono pale na kuapa kutunza siri. Kama ni Muislamu, anaweza kuapa juu ya Korani. Loje Kuu ya Uingereza iliandika mwaka 1929 kwamba pasipo kitabu kitakatifu kilichofunguliwa, loje haiwezi kufanya kazi.

Sehemu wanazopenda ni zile za ujenzi wa Hekalu la Solomono. Nguzo zao mbili, Yakini na Boazi, zimetoka 1 Wafalme 7. Hiramu, fundi wa shaba kutoka Tiro, naye yumo humo. Lakini ile hadithi yao kwamba Hiramu aliuawa kwa sababu alikataa kutoa siri, tafuta Biblia nzima, hautaipata. Ni ya kwao wenyewe. Kwangu mimi, hapo ndipo Mkristo angeuliza swali, kuliko kubuni mambo ya kunywa damu.

Tena si loje zote ziko sawa. Grand Orient ya Ubelgiji iliacha kulazimisha watu kumutaja Mungu mwaka 1872, ile ya Ufaransa mwaka 1877. Katika loje za namna hiyo, Biblia inaweza kukosa kabisa mezani. Na ni Wabeljiji wa upande huo waliofungua loje Stanleyville, Kisangani ya leo, kabla ya vita ya 14-18. Wamisionari Wakatoliki hawakuwapenda hata kidogo.

Kanisa Katoliki mpaka leo linakataza. Tarehe 26 Novemba 1983 Roma ilisema Mkatoliki anayeingia yuko katika dhambi nzito, hawezi kupokea komunyo. Novemba 2023 ikarudilia vile vile. Sababu iliyotolewa haikuwa kitabu cha shetani. Ilikuwa kwamba misingi ya loje haipatani na mafundisho ya Kanisa, hata kama Biblia iko wazi mezani.